Benchi la Mikanda Mitano

"Hivi jirani, huyo mgonjwa wenu atalala kichwa chini miguu juu, kama kuku anayepelekwa sokoni?"

Aliyeuliza ni Mama Pacha, ndoo mkononi, asubuhi moja alipopita uani kwenda bombani akakuta benchi limetolewa nje likauke vanishi. Mke wa seremala alikuwa amekaa mlangoni na cherehani yake, anashona mkanda wa tano kwa uzi wa njano. Mtaani walimwita Bi Sindano, kwa sababu hata msibani hakukosa sindano imechomekwa kifuani. Aliinua macho, akalitazama benchi, akacheka.

"Kamuulize mwenye mchoro. Sisi ni mafundi tu. Mtu akitaka meza ya miguu mitatu tunampa."

"Basi mwambieni damu itamjaa mgonjwa kichwani."

"Tumeshamwambia."

Na kweli walikuwa wamemwambia. Benchi liliagizwa na bwana mmoja wa ofisi ya usalama, mtu wa viatu vya kung'aa na sauti ya taratibu, aliyesema ni la zahanati yao ya ndani, kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa. Alileta mchoro kwenye karatasi: mbao ngumu, upande mmoja uinuke kuliko mwingine, sponji lifunikwe kwa ngozi ya bandia isiyopitisha maji, na mikanda mitano, ya vifundo, ya mapaja, ya mikono, ya kifua na ya paji la uso. Mto mdogo ulichorwa upande wa chini.

Seremala alikuwa ametengeneza vitanda vya hospitali tangu hajaota mvi. Aliutazama ule mchoro, akatikisa kichwa, akamwambia mkewe kwamba mchoraji kapitiwa. Akamsitiri. Mto akauweka upande wa juu, mahali ambapo binadamu huweka kichwa chake, akapiga vanishi, akaona amefanya jambo la maana.

Bwana wa ofisi alipokuja kukagua alicheka mpaka akakohoa.

"Mzee, nani alikutuma ufikirie? Mto ukae huku chini."

"Bwana mkubwa, mgonjwa atazidiwa."

"Ndiyo maana tuna daktari."

Bi Sindano alifumua mto, akauhamisha. Kazi ile ilimla nusu ya asubuhi. Swali lilimpanda mpaka kwenye ulimi, kisha akakumbuka kwamba kuna viti vya shule vinamsubiri, akalimeza. Alikuwa mama wa sala, asiyeanza kazi bila kumtaja Mungu. Hata mkanda ule wa paji la uso aliuanza kwa jina lake.

*

Miezi mitatu baadaye bomu lililipuka stendi.

Walikufa watu kumi na mmoja. Binti wa seremala, mtoto wao wa pekee, miaka kumi na saba, alikuwa ametumwa na mama yake kupokea robota la sponji lililokuja na basi. Robota lilipatikana zima. Binti alipatikana chini ya kibanda cha tiketi, na mguu wake wa kushoto hospitali waliukata chini ya goti.

Alipokaribia kuruhusiwa, baba yake alimchongea magongo mawili kwa mbao ngumu zilizobaki, akayapiga msasa mpaka yakawa laini kama shavu. Mama yake akayafunga vitambaa vya kwapa. Ngozi nyingine hakuwa nayo ndani, ila kile kipande cha ngozi ya bandia, chekundu cha damu ya mzee, kilichobaki alipofunika benchi la zahanati, na ule uzi wa njano. Akashona kwa huo. Binti aliyapokea bila kuyatazama.

"Yana rangi mbaya," alisema.

"Nitabadilisha, mwanangu."

Hakubadilisha. Kila siku lilizuka lingine.

Wiki mbili baada ya mlipuko watu wa usalama walimkamata mume wa Mama Pacha. Alikuwa fundi redio, na kibanda chake kilikuwa hapo hapo stendi. Walisema wamekuta waya, betri na saa za mezani zilizofumuliwa. Vitu ambavyo fundi redio akivikosa, wateja wanamhama. Siku tisa hakuna aliyejua alipo. Siku ya kumi ikatangazwa kwamba amekiri. Bi Sindano alizisikia habari hizo jikoni, kwenye redio ambayo mtu yule yule aliitengeneza mwaka uliopita na kukataa malipo, akisema jirani hatozwi kwa waya mmoja ulioachia. Aliizima, akaketi sakafuni, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Alikiri na mengine. Alisema kuna bomu la pili limefukiwa nyuma ya ghala la saruji. Mtaa mzima ukahamishwa, wakachimba siku tatu, wakatoa mizizi na sufuria iliyotoboka. Watu wakasema jamaa ana roho ngumu, anawachezea wakubwa hata akiwa mikononi mwao.

Tangu hapo bombani kukawa na foleni mbili. Ya watu, na ya Mama Pacha peke yake. Akija, wenzake hujikuta wana ndoo nyingine za kujaza, na nyingine tena, mpaka maji yakatike. Hakulalamika. Alisimama na wale mapacha wake, mmoja kila upande, akasubiri kama mtu anayesubiri daktari. Siku moja alimsalimia Bi Sindano.

"Binti anaendeleaje, jirani?"

"Muulize mumeo," alijibiwa.

Akainama, akachukua ndoo yake haijajaa, akaondoka. Wanawake wengine walicheka kidogo. Bi Sindano hakucheka, lakini maneno yale yalimkaa vizuri kinywani siku nzima.

*

Benchi lilirudi siku ya soko, kwenye gari lililofungwa.

"Mikanda miwili imekatika," bwana wa ofisi alisema. "Na sponji limeoza. Tutalifuata kesho kutwa. Mama, safari hii shona kama unayeshona viatu."

Seremala aliliingiza karakanani, akalipindua, akaanza kukaza skrubu. Kisha akaacha. Bi Sindano alimwona akipitisha kidole gumba kwenye ubao wa upande wa juu, mahali pa visigino. Vanishi ilikuwa imelika kabisa, mbao imechimbika mashimo mawili kama ya mchi.

"Wagonjwa wa kifafa hupiga miguu," seremala alisema, bila kuulizwa.

"Hupiga."

"Basi."

Alitoka kwenda kutafuta misumari ambayo ilikuwa mezani kwake.

Bi Sindano alichukua wembe akaanza kufumua. Sponji lilikuwa zito kwa maji, linanuka kama kitambaa cha deki kilichosahauliwa ndooni. Lakini huku juu, kwenye miguu na mapaja, lilikuwa kavu. Maji yote yalikuwa kwenye mto. Alifikiri juu ya hilo taratibu, maana hakuwa mtu wa kukurupuka. Mgonjwa akijikojolea, maji hayaanzii kichwani. Akaugeuza mkanda uliokatika. Ule ulikuwa uzi ambao yeye mwenyewe, akitaka kuukata kwa mikono, humchana vidole. Mgonjwa gani huyu mwenye nguvu za namna hiyo? Kwenye pindo la mto, upande wa kulia, ngozi ilikuwa na alama mbili za meno zilizopinda, moja juu na moja chini. Aliweka kidole kwenye moja. Akakiondoa.

Aliketi. Uani binti yake alikuwa anajifunza kupanda ngazi, gongo, mguu, gongo, mguu, kisha kishindo, kisha kimya, kisha kilio cha kujizuia. Alipotaka kuinuka kwenda, binti akapaza sauti, "Usije."

Basi Bi Sindano hakwenda. Alivuta uzi wa viatu, akaukunja mara tatu, akaupitisha kwenye nta, akaushona ule mkanda wa kifua kama ambavyo hajawahi kushona kitu maishani mwake. Kila sindano ilipoingia alisikia kishindo cha mwanawe. Alishona mkanda wa paji la uso. Alishona na ile mitatu ambayo haikuwa imekatika. Hakuna aliyemwagiza hiyo mitatu.

Gamba la zamani, ile ngozi ya mto, hakulitupa. Hajawahi kutupa ngozi, hata iliyochanika. Alilikunja akaliweka chini ya sanduku la vitambaa, na benchi likaondoka siku iliyopangwa, zuri kama jipya.

Ilikuwa jioni ya siku hiyo alipoinama kusali. Alipoinamisha kichwa chini, damu ikamjia usoni, akakumbuka mto ulikokuwa. Akainuka haraka. Akajaribu tena, ikawa vile vile. Alimaliza sala yake akiwa ameketi kitini kama mgonjwa, na mumewe alipomuuliza ana nini, alisema kiuno.

*

Mama Pacha hakubisha hodi mara mbili. Alisimama mlangoni na dada mmoja mwenye faili, wakili, kijana, aliyevaa viatu vilivyotembea sana. Seremala alikuwa mezani anakula. Binti alikuwa kwenye kochi, mguu umenyooshwa. Hakuna aliyesema karibuni, kwa hiyo Mama Pacha aliulizia pale pale alipo.

"Jirani, nilikuuliza swali siku ile. Ukacheka. Mimi nilikuwa nimecheka kabla yako, kwa hiyo sikulaumu. Leo nakuuliza tena. Yule mgonjwa wenu alilala kichwa chini?"

Bi Sindano alishika kiti.

"Mume wangu nimeruhusiwa kumwona juzi, robo saa," Mama Pacha aliendelea. "Kaniambia benchi. Kaniambia mikanda, kaihesabu. Hakuniambia mengine, mengine nimeyaona kwenye mikono yake."

Wakili akasema taratibu, "Baba, kabla jaji hajasikiliza kesi yenyewe, kuna kesi ndani ya kesi. Anataka kujua kama yale maelezo yalitoka kwa hiari. Sheria haipokei neno lililokamuliwa. Upande wa pili wanasema benchi la namna hiyo halipo katika ofisi yao yoyote. Nahitaji aliyelitengeneza."

"Sijui benchi lolote," seremala alisema, akaendelea kutafuna.

"Baba."

"Dada yangu, mimi ni mzee, nina mgonjwa ndani. Watu kumi na mmoja wamekufa. Huyo unayemtetea alikiri."

"Sisemi hakufanya. Mimi sikuwepo stendi. Nasema alipotoa maelezo yale hakuwa anapumua vizuri."

Binti akaongea kwa mara ya kwanza. "Na mimi sikuwa napumua vizuri."

Mama Pacha alimtazama yule mtoto aliyewahi kumbeba mgongoni. Wakatoka.

Seremala alisukuma sahani.

"Wasirudi hapa. Unasikia? Yule bwana wa ofisi jana kapita karakanani. Hakuagiza kitu. Kakaa kwenye stuli yangu, kaniuliza kama cherehani yako ina leseni. Cherehani, mke wangu. Unaelewa maana yake?"

"Naelewa."

"Na kama kweli walimlaza, basi? Bomu limelipuka, walitaka wafanye nini, wamwekee chai? Kama kumbana mtu mmoja kunaokoa miguu ya watoto wa watu, mimi nitawatengenezea mabenchi kumi."

"Kumbana kulitoa nini, baba watoto?"

"Kulitoa ukweli."

"Kulitoa sufuria iliyotoboka," Bi Sindano alisema. "Siku tatu walichimba. Mtu akikosa pumzi atataja ghala, atataja kisima, atataja jina la mama yake. Angekutaja wewe, wangekuja kukuchukua wewe. Na aliyetega, kama si huyu, yuko wapi? Anapanda basi pale pale."

"Na kama ni huyu?"

Swali lile lilikuwa zito, na Bi Sindano hakulikwepa. Aliichukua sahani iliyosukumwa, akafuta meza.

"Kama ni huyu," alisema mwishowe, "kwa nini lazima mkono wangu uwemo?"

"Mkono wako ulishona tu."

"Mara ya pili nilijua."

Seremala pia mara ya pili alijua, na wote wawili walikuwa wanakumbuka ile misumari.

Kutoka kwenye kochi binti yao alisema, sauti kavu, "Mama, ukienda kumsemea, usirudi kuniuguza. Nitajiuguza."

*

Alikwenda siku ya nne ya shauri, gamba limefungwa kwenye shuka. Seremala alimwona akipita karakanani. Hakumzuia wala hakumsindikiza. Aliendelea kupiga randa ubao uliokwisha kunyooka, mpaka ukawa mwembamba usiofaa kazi.

Chumba cha mahakama kilikuwa na mabenchi ya mbao laini, yenye maungio mabovu. Aliliona hilo kabla ya kuona watu. Safu ya mbele walikaa majeruhi wa stendi, na miongoni mwao binti yake, aliyekuwa anakuja kila siku na mjomba wake. Mama Pacha alikaa safu ya mwisho, jirani na mlango, peke yake. Fundi redio alikuwa kizimbani. Alikuwa mnene zamani.

Bi Sindano aliapa. Akaulizwa, akajibu: mchoro, mbao, mto uliowekwa juu, mto uliorudishwa chini. Aliposimulia jinsi mumewe alivyomsahihisha mchoraji, kuna watu walicheka, halafu wakaacha mmoja mmoja.

Mwendesha mashtaka alisimama akiwa na tabasamu la heshima.

"Mama, pole kwa mwanao."

"Ahsante."

"Wewe ni mama wa binti yule pale. Unataka mshitakiwa huyu aende nyumbani?"

"Nataka aliyemkata mwanangu mguu. Kama ni huyu, aulizwe amekaa, kichwa kikiwa juu, kama mnavyoniuliza mimi."

"Ulishona mikanda hiyo mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Mara ya pili ulidhani ni ya nini?"

Wakili aliinama kwenye faili lake. Swali lile hakuwa amemwandalia.

"Nilijua," Bi Sindano alisema. "Nilishona kwa uzi wa mikunjo mitatu ili isikatike tena. Nilikuwa na hasira. Mheshimiwa, na hilo liandikwe."

Jaji aliandika. Kizimbani fundi redio aliinua macho, akamtazama, akayashusha. Haikuwa chuki. Ilikuwa kama mtu anayesikia bei ya kitu alichokwisha kukinunua.

"Hili gamba," mwendesha mashtaka akasema, akilishika kwa ncha za vidole, "ngozi ya namna hii inauzwa kila duka. Uzi wa njano kila duka. Unaweza kuwa umelishona wiki iliyopita, mama, kwa kuombwa na jirani. Mahakama itajuaje kwamba hili ndilo lililokuwa kwenye benchi, miezi mitatu kabla ya mlipuko?"

"Ligeuze nyuma. Kuna muhuri wa kiwanda, maua mawili na tarakimu. Nilipokata, mkasi ulipita katikati ya muhuri. Hapo kuna ua moja na nusu ya tarakimu."

"Na nusu ya pili?"

Bi Sindano alitazama safu ya mbele.

"Mama, nusu ya pili iko wapi?"

Alikuwa amelijua swali hili tangu alipofunga shuka asubuhi. Alikuwa ameomba lisiulizwe. Aliangalia mikono yake.

"Mama," jaji akasema kwa upole, "mahakama inasubiri."

"Iko kwenye gongo la mwanangu. La kushoto. Kitambaa cha kwapani, upande wa ndani. Niliyashona akiwa hospitali, na karatasi ya hospitali ina tarehe."

Vichwa vyote viligeuka. Binti aliyatazama magongo yake, ngozi ile nyekundu yenye uzi wa njano aliyoilalia kwapani miezi yote hiyo, kisha akalitazama gamba mezani, na alama zake mbili zilizopinda. Alitazama moja, akatazama lingine. Mjomba wake alimshika bega, naye akalitoa.

"Binti," jaji alisema, "hulazimishwi. Kama utaridhia, karani atalitazama tu, akurudishie."

Alisimama. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alikwenda mpaka kwenye meza ya karani, gongo, mguu, gongo, mguu. Alilitoa la kushoto akaliweka mezani. Karani akataka kumshukuru. Akalitoa na la kulia, akaliweka juu ya lenzake.

"Mwanangu," Bi Sindano aliita kutoka pale alipoapishwa. "Hilo lingine hawalihitaji."

Binti hakugeuka. Alishika mgongo wa benchi la kwanza, akaruka. Wa pili, akaruka. Watu walivuta magoti yao kumpisha. Kwenye ubao wa sakafu kisigino chake kimoja kilikuwa kinapiga sauti moja, ile ile. Alipofika safu ya mwisho mabenchi yaliisha, na kutoka pale mpaka mlangoni hapakuwa na kitu cha kushika.

Mama Pacha aliinuka, akasogea hatua moja, akasimama. Hakunyoosha mkono. Aliweka tu bega lake pale lilipoweza kufikiwa.

Binti alisimama kwa mguu mmoja, akiyumba kidogo. Karani alikuwa ameshaanza kufumua kile kitambaa, na sauti ya wembe ilisikika chumba kizima. Kisha binti aliweka mkono kwenye bega lile, kama mtu anavyoshika ukuta, bila kumtazama mwenye bega, na likamfikisha mlangoni. Hapo akaliachia, akashika kizingiti, akatoka.